Herufi Zenye Viatu

Jumatano, 2 Julai 2025

Nimeshona daftari jipya. Karatasi ni zile alizoniletea mume wangu Sedekia kutoka kazini kwake, kiwanda cha karatasi Mgololo — kingo zimepinda kidogo lakini nyeupe kama maziwa. Alisema nifanyie mazoezi ya herufi. Nimefanya kurasa nne. Zilizobaki ni zangu. Hakuna wa kuzisoma: yeye anarudi mara moja kwa mwezi, na mwanangu Lugano ana miezi minane, kazi yake ni kutafuna. Leo katafuna kona ya ukurasa huu, juu kulia. Nimeiacha hivyo hivyo.

Jambo kubwa: nimeingia kwenye fumbo la mtandaoni! Fred fundi simu wa hapa Soweto, Mbeya, ndiye kaniunganisha, naye kaingia. Kuna chuo kimoja Iringa kinafundisha kuandika mabango kwa kompyuta. Wameanzisha mchezo. Watu sita, wengi hawajuani, wanapangwa kundi moja, wanapewa mafumbo matatu ya maneno na maumbo ya herufi. Wote sita lazima wabonyeze "Nakubali" kwenye jibu moja. Mmoja akikosa, kundi zima limetoka. Zawadi ni nafasi moja ya masomo, miezi sita, na wana chumba cha watoto. CHUMBA CHA WATOTO! Nimesoma hapo mara kumi.

Mimi niliishia kidato cha pili. Lakini herufi nazijua. Baba Mkwe ni seremala, anatengeneza misalaba ya makaburini, na mimi ndiye ninayeandika majina. Mwaka wa pili sasa. Hakuna marehemu aliyelalamika.

Jumamosi, 5 Julai

Fumbo la kwanza limekuja. Neno MKATE, limekatwa katikati kama kwa kisu, kipande kimoja kimepotea. Jibu ni NUSU MKATE — nimeliona hata kabla ya kukaa.

Lakini hatukujibu. Kwanza tulichagua viongozi! Mzee mmoja wa Rujewa, Saulo, mwalimu mstaafu, kaandika kwenye WhatsApp kwamba kundi bila uongozi ni wahuni. Basi yeye ni mwenyekiti. Evarista wa Ipogolo, Iringa, ni katibu. Bupe wa hapa Mbeya ni mtunza sare — hatuna sare bado, ila mtunzaji tunaye. Fred kaambiwa ni "mjumbe wa teknolojia". Mimi mjumbe wa kawaida. Wa sita hasemi kitu. Picha yake ni jembe. Kila ukiandika jambo anaweka maua. Salamu — maua. Ajenda — maua.

Mwenyekiti alidhani jibu ni NJAA. Tumepiga kura. Mkate umeshinda, nne kwa moja. Maua hayakuhesabiwa, ila kubonyeza tumebonyeza wote sita.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Baridi kali, Lugano nimemvika kofia mbili.

Fumbo la pili: neno MZIGO, dogo, limekaa juu ya neno KICHWA kubwa. Jamani! Hilo ni mimi kila siku nikitoka sokoni. MZIGO KICHWANI. Tumebonyeza wote sita, hata wa maua.

Halafu mwenyekiti akaleta katiba. Kurasa tatu. Nimesoma kifungu cha saba tu, kwa sababu Bupe alikipigia makofi: mwanachama akifiwa au akifa, kundi litahudhuria kwa sare, na shughuli nyingine zote zitasimama mpaka matanga yaanuliwe. Fred akaandika, "Mzee, tupo kwenye gemu, nani anakufa?" Akaambiwa afute kauli. Kafuta.

Jambo zuri: kwenye muhtasari imeandikwa kwamba tukishinda, nafasi apewe Mama Lugano, kwa sababu wengine wote wana shughuli zao na mimi ndiye ninayeishi na herufi. Limeandikwa! Nimelisoma kwa sauti kwa Lugano. Kacheka. Meno mawili.

Ijumaa, 11 Julai

Misalaba miwili leo. Jinsi tunavyofanya kazi na Baba Mkwe ingemshangaza mgeni. Kwa mila zetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hata jina lake silitaji. Mjini wengi wameacha. Yeye hajaacha. Anakohoa kwanza, mimi naingia ndani, anaweka msalaba kwenye benchi la nyuma na karatasi yenye jina. Akiondoka natoka na brashi. Akiwa na neno, Mama Mkwe ndiye anayelibeba. Miaka miwili tunafanya kazi pamoja na ninachojua ni kikohozi chake na mikono yake kwenye mbao. Anapiga randa vizuri sana, ule mti unakuwa kama shavu la mtoto.

Fumbo la mwisho litatoka keshokutwa. Kulijibu, mwisho Jumamosi ya tarehe 19, saa kumi jioni. Bando langu linatosha WhatsApp na kubonyeza tu. Hakuna mwenye bando kubwa ila mwenyekiti. Yeye ndiye anafungua ukurasa na kututumia picha.

Jumapili, 13 Julai

Msiba!

Nimetoka kanisani nikakuta mwenyekiti katuma picha. Tanzia, mpaka mweusi pande zote:

BARTHOLOMEO MAJEMBE
ALIFARIKI 12.7.2025
KIHESA, IRINGA

Chini yake mwenyekiti kaandika: "Ndugu wanachama, kwa masikitiko makubwa." Tulikuwa hatulijui hilo jina. Fred kaangalia orodha ya kundi — ni yule wa maua! Yule wa picha ya jembe. Masikini. Hatujawahi hata kumsalimia kwa jina.

Evarista kaanza kulia kwa sauti, ametuma voice note ya dakika tatu za kilio. Bupe kasema kitenge cha sare atakitafuta kesho, cha bluu. Mwenyekiti kasoma kifungu cha saba. Mafumbo yamesimama.

Nikauliza kwa adabu: je, fumbo la mwisho limeshatoka? Mwenyekiti kasema, "Mama Lugano, mwenzetu yuko mochwari wewe unauliza mchezo?" Nimeona aibu. Nimezima simu. Nimewasha tena.

Jumatatu, 14 Julai

Ajabu ya leo. Saa nne asubuhi kwenye kundi yameingia maua. Kutoka simu ya marehemu!

 Baada ya dakika ishirini mwenyekiti kaandika, "Familia inashukuru." Bupe akasema ni kweli, simu atakuwa nayo mjukuu, watu wengi wanafanya hivyo. Evarista akajibu, "Poleni sana wanafamilia." Maua tena.

Fred kaniandikia pembeni: "Dada, hii imekaa vibaya." Nikamwambia nami naona hivyo. Lakini sisi ndio wadogo.

Nimekaa nikahesabu. Watu sita lazima wabonyeze. Tumebaki watano. Kwa hiyo hata fumbo likija, basi. Chumba cha watoto, basi. Nimemlilia marehemu leo kwa moyo wote, na Mungu anisamehe, nusu ya machozi hayakuwa yake.

Jumanne, 15 Julai

Evarista kapita Kihesa kwa bajaji kwenda kwenye kwaya. Kaulizia. Ni kweli yupo mzee anaitwa Majembe, alikuwa fundi wa mipini ya majembe, aliugua sana mwezi wa sita mpaka akalazwa. Na nyumbani kwake wanafunga turubai! Viti vinashushwa!

Nikamuuliza, uliingia? Akasema, "Mama Lugano, naingiaje msibani mikono mitupu kabla ya kundi? Wataniona sina adabu." Akapita na bajaji yake akijifunika uso.

Mwenyekiti katoa majukumu ya safari ya Jumamosi. Yeye analeta gunia la mchele kutoka Rujewa. Bupe sare. Mimi — msalaba. "Uwe wa heshima, na herufi uandike kama zilivyo kwenye tangazo, usibadili hata moja. Familia imechagua." Chini ya jina niongeze mwaka wa kuzaliwa. Upi? Akakadiria 1948.

Nimepeleka ombi kwa Mama Mkwe, Mama Mkwe kapeleka karakana. Kikohozi kimejibu ndiyo.

Alhamisi, 17 Julai

Lazima niandike haya leo leo.

Jana msalaba uliwekwa benchi. Mti mzuri kuliko yote aliyowahi kutoa. Nimeandika polepole, Lugano mgongoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la rangi ili nifuate herufi. Na ni kweli hazikuwa sawa. Nyingine ziko wazi, vijiti tu. Nyingine zina vile vimiguu chini na juu, kama za kwenye Biblia. Nikafikiri mchapaji kachoka. Nimefuata hivyo hivyo, maana nimeambiwa nisibadili.

Leo asubuhi Mama Mkwe kaja na ujumbe, kasimama mlangoni, anasema neno kwa neno kama mtoto aliyetumwa dukani: "Mkwe wako anauliza, kwa nini F imevaa viatu, na I iliyo jirani yake iko peku?"

Nikamwambia, mwambie tangazo ndivyo lilivyo.

Akaenda. Akarudi. "Anasema katika misalaba yote aliyotengeneza hajaona mtu anavalisha herufi sita tu viatu. Anasema hilo si kosa, hilo mtu amekusudia."

Sita? Nikatoka mbio. Nikazihesabu kwa kidole, rangi ikiwa bado haijakauka vizuri. Kwenye BARTHOLOMEO, H tu. Kwenye MAJEMBE, A na J. Kwenye ALIFARIKI, A ya kwanza, halafu F, halafu A inayofuata.

H. A. J. A. F. A.

Nimepiga kelele mpaka Lugano kalia. HAJAFA! Si tanzia! Ni fumbo la mwisho!

Nimekimbia kibandani kwa Fred na kandambili moja. Kafungua ukurasa wenyewe kwa bando alilonunua hapo hapo. Juu ya picha kuna maandishi ambayo mwenyekiti hakuyachukua kwenye skrinshoti: "Fumbo la tatu. Tumetumia jina la mmoja wenu. Je, ni kweli?" Tumekaa chini wote wawili. Fred anasema, "Tumeomboleza gemu, dada."

Niliporudi nimesimama karibu na ukuta wa karakana nikasema kwa sauti, kama nasemea hewa, "Asante sana." Kikohozi. Lakini kirefu, cha furaha.

Ijumaa, 18 Julai

Hawataki!

Nimeandika kwenye kundi, taratibu, kwa heshima zote, na picha ya msalaba nimezungushia zile herufi sita. Mwenyekiti kasoma. Halafu: "Mama Lugano, msibani mtu hasimami akasema marehemu hajafa. Hata kama ni kweli, si mahali pake."

Fred katuma ile picha nzima yenye maelezo ya juu. Mwenyekiti kasema hayo maelezo hayakuwepo alipoangalia. Bupe kasema sare zimeshashonwa, na za mbali zimeshatumwa kwa basi. Evarista kasema lakini turubai ameliona kwa macho yake, na mzee aliugua kweli, je kama fumbo limesema hajafa na yeye baadaye akafa? 

Nimempigia yule wa maua mara tano. Haipokelewi. Mara ya sita — maua.

Nimewaza nikimnyonyesha Lugano. Kama kafa, mimi ni mwombolezaji, napaswa kwenda. Kama yuko hai, nahitaji kidole chake kimoja kabla ya saa kumi kesho. Kwa vyovyote naenda Iringa. Nimefunga nepi, uji kwenye chupa, kopo dogo la rangi, brashi. Msalaba Mama Mkwe kauvingirisha kwa shuka la waridi.

Sedekia kapiga kutoka Mgololo, mtandao unakatika. Kasikia "msalaba", "Iringa" na "hajafa". Akasema, "Mke wangu, umekula?"

Jumamosi, 19 Julai

Basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mimi, Lugano, Fred, Bupe, na msalaba. Kondakta kauliza huo ni mzigo au abiria. Bupe akajibu, "Abiria haulizwi hivyo, kijana. Pole inakutosha." Akatupa pole na siti ya mbele. Mwenyekiti kapandia Igawa, karibu na kwake Rujewa, na gunia la mchele, suti nyeusi, sare ya bluu kaivaa juu yake. Mtu mwenyewe mwembamba, mpole, nilidhani ni mkubwa. Kamshika Lugano mkono akasema, "Na huyu mjumbe naye katufikia." Nikashindwa kumchukia.

Nimemwambia pole pole: Mzee, kama yuko hai tubonyeze? Akaangalia dirishani mpaka Makambako. Akasema, "Nimeshatangaza kanisani kwetu, binti yangu. Waumini wamesimama kimya kwa dakika nzima. Nitawarudishia vipi dakika yao?"

Tumefika Kihesa saa nane na nusu. Evarista katupokea njiani, sare, kilemba, leso mkononi. Turubai la kijani, viti vimejaa, wali unanukia. Watu wamevaa vizuri mno kwa msiba, niliona hilo. Lakini Evarista na Bupe walishaanza. Vilio! Wameingia mikono kichwani, Bupe kajitupa chini pale pale kwenye zulia. Mwenyekiti nyuma na kofia mkononi. Fred na gunia. Mimi na msalaba, shuka limeshuka, jina liko nje wazi kabisa.

Kwaya ikakatika katikati ya wimbo.

Padre yuko mbele na kipaza sauti. Nyuma yake kitambaa kimebandikwa: IBADA YA SHUKRANI, BABA YETU AMEPONA. Na kwenye kiti kikubwa chenye mito, mzee mwenye blanketi magotini na simu mkononi. Akatutazama. Akavaa miwani. Akasoma msalaba.

 Bupe kaendelea kulia chini, peke yake, hajaona.

Mzee akatusalimia Kihehe, "Kamwene. Karibuni. Ila mimi sikuzaliwa arobaini na nane."

Basi! Akina mama wa jikoni walianza kucheka wao kwanza. Bintiye alitaka kutufukuza, lakini mzee kasema wageni waliotoka Mbeya kuja kumzika hawawezi kuondoka bila kula. Kaushika msalaba, kapitisha kiganja kwenye mti. "Kazi ya nani hii?" Nikasema ya baba mkwe, na herufi zangu. "Mwambie fundi mwenzangu nimeuona. Nitautunza. Siku yake itafika, sitaki wanunue mwingine mbaya."

Nikapiga magoti pale pale nikamweleza yote. Fumbo, viatu, vidole sita, saa kumi. Kumbe maua huyaweka kwa sababu hilo ndilo pekee alilofundishwa na mjukuu, aliyemwingiza na kumbonyezea mafumbo mawili ya kwanza kabla ya kurudi shule! Simu ikiita hajui kupokea. Alipoona tanzia yake alifikiri ni kadi ya kumpongeza kwa kupona, maana ilikuwa na jina lake na mpaka mzuri. Akashukuru kwa maua.

Fred kafungua ukurasa kwenye simu ya mzee. Jibu limeandikwa: HAJAFA. Fred kabonyeza kwa simu yake. Evarista kabonyeza huku anapenga kamasi. Bupe. Mimi. Nne.

Mzee kasema atabonyeza baada ya mwenyekiti, hawezi kumtangulia mkubwa wa chama. Na mwenyekiti — hapo ndipo tulipo sasa. Mwenyekiti anasema hawezi kubonyeza nje ya kikao. Na kikao hakiwezi kupokea kidole cha ndugu Bartholomeo, kwa sababu kwenye muhtasari wa tarehe 13 ameshaandikwa marehemu. Lazima muhtasari urekebishwe kwanza. Nimemtazama. Macho yake yana maji. Si ubishi. Ni mtu anatafuta njia ya kutokea yenye utaratibu, basi tumempa.

Kikao kimefunguliwa saa kumi kasoro robo, chini ya turubai, padre mgeni mwalikwa. Evarista anasoma muhtasari kutoka mwanzo. Yuko kwenye nusu mkate. Mimi nimekwangua 48 kwa kisu cha nyanya nikaandika 53, kama alivyonitajia mzee. Naandika haya magotini nikisubiri rangi ikauke. Lugano amekaa mapajani kwa mzee, anatafuna pindo la blanketi.

Kasoro dakika tisa. Mzigo kichwani.

Kasoro dakika saba. Fred anamwambia Evarista ruka, ruka. Evarista anasema muhtasari haurukwi.

Kasoro dakika tano. Amefika! "Neno marehemu lifutwe, badala yake lisomeke mwanachama." Mwenyekiti kauliza wanaounga mkono. Mikono yote juu, hata ya padre, hata ya akina mama wa jikoni. Mwenyekiti kasimama. Kavua kofia mbele ya mzee. Kasema, "Ndugu Bartholomeo, kwa niaba ya kundi, naomba radhi kwa kifo chako." Kabonyeza! Tano!

Kasoro dakika tatu. Fred kamwekea mzee simu kiganjani, kamwonyesha. Hapa, baba. Hapa tu. Mzee kamsogeza Lugano kidogo apate nafasi. Kaweka miwani sawa. Kainua kidole gumba.  Kashusha kidole.

Simu zetu zote tano zimelia kwa pamoja: si chuo, ni kundi la WhatsApp, kidole kimeenda kilikozoea, na dakika mbili bado zipo.

Maua.